Miezi Sita Ambayo Hakuna Anayekuuliza Unaumwa Nini

Kwa mtu anayezeekea Marekani, historia ya afya yake inaweza kumfungia mlango wa bima au isihesabiwe kabisa, na kinachoamua ni tarehe. Nimeyaona hayo ndani ya familia moja, kwangu na kwa kaka yangu. Kati yetu wawili, mgonjwa ni mimi. Nina kisukari cha miaka mingi na ninajidunga insulini. Mwaka 2021 nilipasuliwa saratani ya titi, nikapigwa mionzi, na hadi leo nameza kidonge cha kuizuia isirudi. Kaka alifika miaka 65 akiwa buheri wa afya, anaendesha lori kutoka Texas hadi Georgia na kurudi, hajawahi kulazwa hata usiku mmoja. Lakini mimi ndiye niliyepata bima ya nyongeza ya Medicare bila swali hata moja kuhusu mwili wangu, na yeye ndiye aliyekataliwa.

Naandika kwa ajili ya wenzetu wanaoukaribia umri huo huku Marekani, na kwa watoto wao, maana mara nyingi mtoto ndiye anayekaa mbele ya kompyuta kujaza fomu za mzazi.

Medicare ni bima ya serikali kwa waliotimiza miaka 65 na kwa baadhi ya wenye ulemavu. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, wakati wa Rais Lyndon Johnson. Sehemu A inahusu kulazwa hospitali. Sehemu B inahusu madaktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Sehemu D ni ya dawa. Aliyefanya kazi akakatwa kodi kwa jumla ya miaka 10, yeye au mwenzi wake, halipii Sehemu A kila mwezi. Sehemu B inalipiwa: mwaka 2024 kiwango cha kawaida kilikuwa dola 174.70 kwa mwezi, na mwaka 2025 kikawa dola 185.

Wengi wetu tukiishika ile kadi ya rangi nyekundu, nyeupe na buluu tunahisi tumefika. Hatujafika. Sehemu B hulipa kwa kawaida asilimia 80 ya gharama inazozikubali, baada ya wewe kutoa kiasi cha kwanza cha mwaka. Asilimia 20 inayobaki ni yako, na Medicare yenyewe haikuwekea kikomo. Asilimia 20 ya kumwona daktari kwa kifua unaweza kuitoa mfukoni. Asilimia 20 ya matibabu ya saratani ya mwaka mzima inaweza kula akiba yote uliyoiweka. Nimefanya kazi hospitali, nimeona familia zinazouza gari kwa sababu ya hiyo asilimia 20.

Pengo hilo watu hulishughulikia kwa njia mbili, na huwezi kuzishika zote kwa pamoja. Ya kwanza ni bima ya nyongeza, inayojulikana kwa jina la Medigap. Inauzwa na kampuni binafsi lakini yaliyomo yamepangwa na serikali kwa herufi, ndiyo maana Mpango G wa kampuni hii unalipa sawasawa na Mpango G wa kampuni ile, na kinachotofautiana ni bei. (Massachusetts, Minnesota na Wisconsin zina mipango yao.) Unailipia kila mwezi juu ya Sehemu B, na unaenda kwa daktari yeyote nchini anayepokea Medicare. Njia ya pili ni Medicare Advantage. Hapo kampuni inachukua nafasi ya Medicare, inakupa orodha ya madaktari wake, inadai kibali kabla ya baadhi ya matibabu, na mara nyingi haikutozi chochote zaidi ya kile cha Sehemu B. Inaweza kukuongezea meno na miwani, na ina kikomo cha kiasi utakachotoa kwa mwaka.

Kuhusu ugonjwa, njia hizi mbili hazifanani hata kidogo. Medicare Advantage haiwezi kukukataa kwa sababu unaumwa. Tangu mwaka 2021 hata mwenye figo zilizoshindwa kabisa anapokelewa. Medigap inaweza kukukataa, au kukupandishia bei, isipokuwa katika vipindi ambavyo sheria imeifunga mikono. Kipindi kikubwa kuliko vyote ni cha miezi sita, nacho humjia mtu aliyefika 65 mara moja tu.

Mimi nilikuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja kubwa karibu na Dallas. Nilipotimiza 65 mwaka 2022 nilikuwa bado kazini, nina bima ya mwajiri. Kazini kila mtu alinishauri nichukue Sehemu B palepale kwa usalama. Aliyenizuia ni mshauri wa HICAP, mpango wa Texas unaowashauri bure watu wenye Medicare. Kila jimbo lina wa kwake kwa jina lake. Alinieleza kwamba mwajiri akiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, bima yake ndiyo inayolipa kwanza, hivyo naweza kuiahirisha Sehemu B bila faini maadamu bado nafanya kazi. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuniambia. Miezi sita ya Medigap haihesabiwi kutoka siku ya kuzaliwa peke yake. Inaanza kuhesabiwa mwezi ambao umeshatimiza 65 na Sehemu B yako imeanza. Nikiichukua Sehemu B wakati siihitaji, miezi yangu sita itapita nikiwa zamu ya usiku, nimeridhika na bima ya kazini, na siku nitakapostaafu nikiwa na insulini yangu na saratani yangu kwenye faili, dirisha litakuwa limeshafungwa. Mwenzangu mmoja wa wodi ileile yalimfika hayo hasa. Alichukua Sehemu B mapema kwa nia njema, na alipostaafu ikabidi aanze kutafuta mlango mwingine.

Nilistaafu Mei 2024. Kulikuwa na fomu mbili za kupeleka ofisi ya Social Security, moja naijaza mimi, nyingine anaijaza mwajiri kuthibitisha kwamba nilikuwa na bima ya kazini muda wote huo. Sehemu B ikaanza tarehe 1 Juni. Kwa hiyo dirisha langu lilikuwa kutoka siku hiyo hadi tarehe 30 Novemba.

Nilimpigia wakala wa bima nikiwa na karatasi zangu zote mezani: orodha ya dawa, ripoti ya upasuaji, vipimo vya sukari vya miezi mitatu. Aliniuliza tarehe ya kuzaliwa, msimbo wa posta na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya Medicare, basi. Nikamwambia, “Nina kisukari, na niliwahi kuwa na saratani.” Akanijibu kwa upole, “Mama, mpaka mwisho wa Novemba hayo siruhusiwi kuyatumia dhidi yako.” Bei niliyopewa ya Mpango G ilikuwa dola 150 na ushei kwa mwezi, ileile ambayo angepewa mwanamke wa umri wangu anayekimbia mbio za marathoni.

Jambo moja alilipitia haraka nami nikamrudisha. Hata ndani ya dirisha, kampuni inaruhusiwa kukupokea leo lakini isitoe fungu lake kwa ugonjwa uliotibiwa au kugunduliwa ndani ya miezi sita kabla ya bima kuanza. Kusubiri huko kunaweza kufika miezi sita. Medicare yenyewe inaendelea kulipa asilimia 80 yake, ila ile 20 inakurudia. Kwa mtu anayejidunga insulini na kupigwa picha za kifua kila mwaka, miezi sita si michache. Dawa yake ni bima uliyokuwa nayo kabla: kila mwezi wa bima hiyo unakatwa kwenye muda wa kusubiri, mradi hukukaa zaidi ya siku 63 bila bima yoyote. Nikaomba barua kwa mwajiri inayoonyesha nilikuwa na bima miaka yote ile, na muda wangu wa kusubiri ukawa sifuri. Barua hiyo ni ya kuomba kabla hujarudisha kitambulisho cha kazi, wakati watu wa ofisi bado wanakujua kwa sura.

Tangu hapo mwaka wangu unakwenda hivi: natoa kiasi cha kwanza cha Sehemu B, ambacho kilikuwa dola 240 mwaka 2024 na dola 257 mwaka 2025, na baada ya hapo gharama ambazo Medicare imezikubali zinalipwa zote kati ya Medicare na bima ya nyongeza. Bei ya kila mwezi hupanda kadiri miaka inavyokwenda, sitaficha. Na kwa sisi tunaorudi nyumbani likizo kuna faida nyingine. Medicare yenyewe karibu hailipi kitu nje ya Marekani. Mpango G hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura ukiwa nje, katika siku 60 za mwanzo za safari, baada ya wewe kutoa dola 250, hadi jumla ya dola 50,000 maishani mwako. Naenda Tanga kumwona mama yetu mdogo nikijua hilo.

Kaka aliingia Medicare mwaka 2019. Wakati huo anajenga nyumbani, anawalipia wajukuu ada, na mwili haumsumbui. Akaalikwa kwenye chakula cha mchana hotelini, wakala akaeleza mpango wa Advantage usio na malipo ya nyongeza, wenye meno na miwani ndani. Akauchukua. Sitaki msomaji amwone mtu asiyefikiri. Dola 150 kila mwezi kwa mtu mzima asiyetumia dawa yoyote ni fedha nyingi, na kwa miaka minne mpango ule ulimfaa. Kile ambacho hakuna aliyemwambia hotelini ni kwamba aliyeingia Advantage mara tu alipofika 65 ana miezi 12 ya mwanzo ya kubadili mawazo, arudi Medicare ya kawaida na anunue Medigap bila kuulizwa afya. Miezi hiyo ilipita mwaka 2020 bila mtu kuitaja.

Machi 2023, akiwa kwenye kituo cha malori Louisiana, moyo ulimshika. Walizibua mishipa, wakamwekea stenti mbili, vile vijibomba vinavyoushikilia mshipa usizibe tena. Haki isemwe: kwa dharura ile bima yake ililipa, na kikomo cha mwaka kilimsaidia sana. Taabu ilikuja baadaye. Mazoezi ya kuurejesha moyo yalisubiri kibali, kikakataliwa, kikakatiwa rufaa, kikatolewa wakati nusu ya faida yake imeshapita. Kisha Januari 2024 daktari bingwa aliyemwekea imani akatoka kwenye orodha ya kampuni. Kaka akabaki na daktari mpya aliye saa moja na nusu kwa gari. Aliponiona Juni ile nakwenda kwa daktari wangu wa saratani bila kuomba ruhusa ya mtu, akasema, “Dada, na mimi nataka hiyo yako.”

Akangoja Oktoba, kwa sababu televisheni kila msimu huo haina tangazo jingine: kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba, badilisha Medicare yako. Tangazo halidanganyi, ila linazungumzia Advantage na Sehemu D. Medigap haimo. Katika msimu ule kaka angeweza kujitoa Advantage na kurudi Medicare ya kawaida kwa hiari yake, hakuna wa kumzuia. Lakini katika Texas hakuna kampuni ya Medigap iliyolazimika kumpokea upande wa pili, na angebaki na ile asilimia 20 isiyo na kikomo, akiwa na moyo wenye stenti. Wakala wangu alimwambia kabla ya jambo lolote, “Usijitoe kwenye ulichonacho mpaka ile mpya ikukubali kwa maandishi.” Sentensi hiyo peke yake ilistahili nauli ya kwenda ofisini kwake.

Tukaanza mchujo wa afya. Nilikaa naye nikimsomea maswali, kwa hiyo nayakumbuka vizuri. Fungu la kwanza lilikuwa la magonjwa ambayo ukijibu ndiyo kwa hata moja, fomu inakuambia usiendelee: kusafishwa figo, kutumia oksijeni nyumbani, Parkinson, kupoteza kumbukumbu, moyo kushindwa kusukuma damu. Yote hayo kaka hana. Fungu la pili liliuliza miaka miwili iliyopita: shambulio la moyo, stenti, kiharusi, saratani. Tulikuwa Novemba 2024. Kutoka Machi 2023, miaka miwili ilikuwa bado miezi minne kutimia. Kampuni nyingine haikujali miaka miwili. Yenyewe iliuliza kama una kisukari na umewahi kuwa na ugonjwa wa moyo, wakati wowote ule. Kaka baada ya shambulio aligunduliwa sukari iko juu, akaanzishiwa metfomini. Kila kimoja peke yake kingeweza kupita. Viwili kwa pamoja, hapana.

Fungu lililoniuma ni lile lililouliza kama kuna upasuaji, kipimo au matibabu ambayo daktari ameshauri na hujafanya. Kaka ana goti bovu la miaka ya kukanyaga klachi. Daktari wa mifupa alikuwa ameandika kwamba libadilishwe. Hakulibadilisha kwa sababu daktari wa moyo alimwambia asubiri, maana alikuwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda na haikufaa kuzikatisha mapema baada ya stenti. Amemtii daktari mmoja, na utii huo ukawa alama dhidi yake kwenye karatasi ya bima. Ukiitazama kwa jicho la kampuni inaeleweka: wanajua gharama ya goti inakuja na hawataki kuinunua. Mimi naitazama kwa jicho la mtu aliyemwona kaka yake akipanda ngazi kwa kushika ukuta.

Zipo na nyingine ambazo mtu hazitegemei: urefu na uzito, vinavyolinganishwa na jedwali, na orodha ya kila dawa. Ukitia sahihi, unakuwa umeruhusu kampuni ivute kumbukumbu zako za maduka ya dawa na zile zinazohifadhiwa na mashirika kama MIB na IntelliScript ya Milliman. Baadhi ya kampuni humpigia mwombaji simu pia na kumhoji. Kwa hiyo wanachokijua si kile tu unachokiandika. Mzee mmoja tunayeswali naye aliandikiwa gabapentini kwa maumivu ya mgongo. Dawa hiyo hutumiwa pia kwa neva zilizoharibiwa na kisukari, na kampuni ikataka kujua kama kisukari chake kimefika huko. Barua fupi ya daktari ilisafisha njia. Sheria inakupa haki ya kuomba nakala ya taarifa zako katika mashirika hayo na kudai kosa lisahihishwe, na ni vyema kuiomba kabla ya kujaza fomu. Dawa uliyoandikiwa mara moja usiinywe nayo inaweza kuwa imeandikwa.

Ndugu mmoja wa Houston alimshauri kaka aziache zile stenti, aseme tu ana presha. Kaka alimjibu, “Sitii sahihi yangu chini ya uongo.” Mimi nikaongeza la kidunia: kampuni ya Medigap haiwezi kukufukuza kwa sababu umeugua baada ya kukupokea, maadamu unalipa. Lakini ikigundua ulidanganya kwenye fomu inaweza kuifuta bima, na itakuja kugundua siku umelazwa na bili kubwa imefika, kwa sababu hiyo ndiyo siku watakayolifungua faili lako.

Kuna adabu yetu pia inayotuponza hapa. Mtu wa kwetu akiulizwa hali na asiyemjua hushukuru Mungu, hamwagi magonjwa yake. Kwenye simu ya mahojiano nimemsikia mzee akisema “vizuri tu, nashukuru,” wakati kwenye kumbukumbu za duka la dawa ana aina saba. Hakukusudia kuficha, lakini anayemsikiliza ana karatasi mbele yake na anaona mtu asiyesema kweli. Kama mzazi wako atahojiwa, kaa naye kwanza mpange dawa zote mezani, kila moja na ugonjwa wake na mwaka ilipoanza. Akitaka Kiswahili, simu ya Medicare yenyewe, 1-800-633-4227, hutoa mkalimani bure, na wakala naye aulizwe kama anaweza kupata.

Majibu ya kampuni yalikuja kwa barua, yamefanana: samahani, historia ya ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kaka hakusema mengi. Alisema tu kwamba miaka 30 alikatwa kodi ya Medicare kwenye kila hundi, na hakuna hata wiki moja waliyomuuliza kama moyo wake ni mzima ndipo wamkate.

Nami nasimama naye hapo. Watoto wetu wanaojinunulia bima hawaulizwi magonjwa. Sheria ya mwaka 2010 iliyopewa jina la Affordable Care Act ilikataza hilo kuanzia 2014. Ulinzi huo haukufika kwenye Medigap, yaani kwa wazee, ambao ndio wenye magonjwa. Hoja ya kampuni naijua: wakilazimishwa kumpokea kila mtu wakati wowote, watu watangoja waugue ndipo wanunue, na bei itapanda kwa wote. Si hoja ya bure. New York na Connecticut zinazipa kampuni wajibu wa kumpokea mzee wakati wowote wa mwaka bila kutazama afya, na bei za New York ziko juu kuliko zetu za Texas. Massachusetts na Maine nazo zina ulinzi wao. California na majimbo mengine kadhaa humruhusu aliye tayari na Medigap kuhamia mpango mwingine kila inapofika siku yake ya kuzaliwa. Mimi ningekubali kulipa zaidi kidogo kila mwezi ili mzee wa Arlington, hapa Texas, apate haki aliyonayo mzee wa Bronx, New York. Wapo watakaosema hapana, hasa wasio na kitu cha kutoa, na sina jibu la haraka la kuwapa.

Mwaka 2025 binti wa kaka, anayeishi Columbus, Ohio, alimwomba baba yake akaishi naye. Mke wa kaka alishatangulia mbele ya haki, nyumba ilikuwa kubwa na tupu, na wajukuu wako huko. Hakuhama kwa ajili ya bima. Lakini nilipokuwa namsaidia kufungasha karatasi, nikaurudia mwongozo wa Medicare kuhusu Medigap, na mle mna orodha ya hali ambazo kampuni hulazimika kukupokea hata kama dirisha la miezi sita lilifungwa zamani. Mojawapo: uko kwenye mpango wa Advantage, na unahama kutoka eneo ambalo mpango huo unahudumia. Mpango wa kaka ulikuwa wa kaunti za Texas. Akihama kweli na kurudi Medicare ya kawaida, kampuni yoyote inayouza Medigap Ohio haiwezi kumkataa, haiwezi kumpandishia bei kwa ajili ya moyo wake, na haiwezi kumsubirisha kwa magonjwa ya zamani. Ombi linaweza kupelekwa kuanzia siku 60 kabla bima ya zamani haijakoma, na lisipitilize siku 63 baada ya kukoma.

Haki hiyo haigusi kila herufi. Kwa kuwa kaka alifika 65 kabla ya tarehe 1 Januari 2020, yeye alikuwa na haki ya Mpango A, B, C, F, K au L. Aliyefika tarehe hiyo au baada yake, C na F kwake zimefungwa, na badala yake anapata D na G. Akachagua F, ambayo inalipa hata kile kiasi cha kwanza cha Sehemu B. Bei yake inazidi yangu kwa kiasi kikubwa, lakini ni bei ya umri wake na jimbo lake, si ya stenti.

Binti yake ndiye aliyepiga simu. Wakala wa huko alianza kwa mazoea, “Baba amewahi kulazwa katika miaka miwili iliyopita?” Binti akanipigia mimi kwenye simu ya pili, “Shangazi, anauliza afya, nimjibu?” Nikamwambia amwambie kwamba ombi hili ni la haki ya kupokelewa kwa sababu ya kuhama, na fungu la afya kwenye fomu linarukwa. Wakala akanyamaza kidogo, akasoma, akasema ni kweli, naomba barua. Barua anayoitaka ni ile ya kampuni ya zamani inayosema bima imekoma, kwa sababu gani na tarehe gani. Kaka alikuwa nayo, pamoja na bahasha yake, maana nilimwagiza asitupe hata bahasha yenye muhuri wa posta. Waliambatanisha na uthibitisho wa anwani mpya.

Bima ilianza tarehe mosi ya mwezi uliofuata. Sehemu D walihitaji kuichukua peke yake, kwa kuwa Medigap hailipi dawa na ile ya zamani ilikuwa ndani ya Advantage. Aliyehama ana mwezi wa kuhama na miezi miwili mizima baada yake, na binti alimaliza jambo hilo kwa kulinganisha dawa za baba yake moja moja. Daktari wa moyo wa Columbus ameshamwona na ameruhusu lile goti lishughulikiwe. Wamepewa miadi na daktari wa mifupa, na binti anasisitiza operesheni ifanyike kabla theluji haijaanza kuanguka, kwa sababu ngazi za mbele ya nyumba yake hazina mahali pa kushika.